Nani Alibomoa Nyumba ya Bibi

Kwa miaka mingi nilikuwa na hadithi moja iliyonitosha. Miaka ya sabini, watu walipokuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vipya, serikali ilifika na lori hadi kwa babu na bibi yangu, wazazi wa mama, ikabomoa nyumba yao, ikawapakia pamoja na kuku na mitungi, ikawashusha mahali penye nyasi tupu. Mama alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Hadithi ilikuwa fupi kiasi hicho. Hakuna aliyeirefusha, na mimi sikuwahi kuuliza zaidi, ingawa nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu.

Chuoni niliitumia hadithi ile kila mjadala ulipopamba moto bwenini. Mtu akisema serikali ni mzazi, nilimwambia mzazi habomoi nyumba ya mwanawe. Nilibishana na wahadhiri. Nilimwuliza padre wa parokia yetu maswali mpaka akaniomba nimwache amalize chakula chake. Nilijiona mtu asiyemeza kitu bila kukitafuna. Lakini mtu angenibana kweli, angekuta kwamba chini ya vitabu vyote nilivyosoma lilikuwepo paa la bibi likianguka, na kwamba hapo ndipo nilipoanzia kufikiri.

Kulikuwa na jambo jingine. Ukisema chuoni kwamba umetoka Sumbawanga, watu wanaruka nyuma kidogo. Utani wenyewe haubadiliki. "Mshikaji, nimekukanyaga kwa bahati mbaya, usinitumie radi." "Jamaa kafeli mtihani, mhadhiri ajihadhari." Mwaka wa kwanza nilicheka nao. Mwaka wa pili nilichoka, nikajiwekea sheria: mbele yangu mtu asitaje uchawi, awe anatania au hatanii. Sheria hiyo nilirudi nayo nyumbani. Mjomba wangu akianza kusimulia habari za fulani aliyeonekana mahali fulani, nilimkata. "Mjomba, tuzungumze mambo ya maana." Akanyamaza. Baadaye hata majirani walikuwa wakiniona naingia wanabadilisha mazungumzo, wanaulizia bei ya mahindi. Nilidhani nimewaelimisha.

Nilipomaliza chuo na kazi ikawa haipatikani, nilikwenda kukaa kwa mjomba, katika kitongoji kimoja ng'ambo ya Mpui. Bibi anaishi naye. Nyumba za kitongoji zimepangana kufuata kijito, na juu kabisa, karibu na chemchemi, ilikuwa nyumba ya mjane mmoja ambaye watu walimwita tu "yule wa juu". Alikuwa wa umri wa kukaribiana na bibi. Mumewe na wanawe wote walikuwa wameshakufa. Aliishi peke yake, analima peke yake, na asubuhi ya baridi ungemwona amejifunga kitenge juu ya sweta la kiume, anatifua nyasi.

Wafipa tunalima kwa namna yetu. Wakati wa masika, nyasi zikiwa bado mbichi, unazigeuza pamoja na udongo, unazifunika ziwe matuta ya mviringo, makubwa kama chungu kilichopinduliwa. Tunayaita intumba. Unapanda maharage juu yake, unaziacha nyasi zioze ndani. Msimu unaofuata ndipo unayasambaza na kupanda ulezi au mahindi. Kwa hiyo mtu akitazama shamba la matuta haoni chakula cha mwaka huu. Anaona chakula cha mwaka ujao kikipikika polepole chini ya udongo.

Mwaka ule serikali ya kijiji ilitangaza kwamba chemchemi inataka kulindwa kwa ajili ya maji ya bomba. Kaya zote za kitongoji chetu ziliombwa zihamie kwenye viwanja vilivyopimwa kando ya barabara kuu. Mashamba tungeendelea kulima. Lori la kubeba mizigo lingetolewa. Kuhama ni kwa hiari, mwenyekiti wa kijiji alisema, na atakayetaka kuanza aanze.

Niliposikia neno lori, nilikumbuka paa la bibi. Nikasema moyoni, wamerudi.

Kitongoji kilipokutana kujadili, nilisimama. Sikuwa nimepanga kuzungumza muda mrefu, lakini nilizungumza. Niliwaambia kwamba hiari ya namna hii ndiyo mlango wa kulazimishwa. Niliwasimulia habari ya nyumba ya bibi, na bibi mwenyewe alikuwa ameketi pale kwenye mkeka, anatazama miguu yake. Niliwaambia wakitugawa tumekwisha: aende mmoja leo, kesho wawili, keshokutwa waliobaki watatolewa kwa mgambo. Nikapendekeza tukubaliane kwamba tunahama wote, kwa masharti yetu, au hahami mtu.

"Na atakayechukua kiwanja peke yake," nikasema, "huyo ni msaliti."

Walipiga makofi. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia aliamka akapiga makofi zaidi ya wote. Nilipoketi, mjomba aliniinamia akaninong'oneza, "Kumbe ile ada haikupotea bure." Mikono ikainuliwa, tukakubaliana. Wakati tunatawanyika nilimtafuta bibi nimsaidie kuinuka, nikakuta ameshaondoka.

Siku chache baadaye yule mjane alikuja nyumbani. Mjomba hakuwepo. Alinikuta uani nachambua maharage na bibi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi kwenye kigogo, akamaliza salamu zote za nyumbani kwetu, hadi mbuzi. Kisha akaniambia mimi, si bibi:

"Mjukuu wangu, kile kiwanja changu walinionyesha. Kipo karibu na kanisa."

"Ndiyo, bibi."

"Nikienda mimi mmoja, kuna ubaya?"

Nilifurahi kwamba amekuja kuuliza. Nilimweleza kwa upole na kwa kirefu. Nilimwambia nguvu ya mnyonge ni umoja. Nilimwambia akiondoka yeye atakuwa amewafungulia mlango wa kutuhamisha sote. Nilimwambia hapa ana majirani, wanamjua, watamsaidia akiugua, kule barabarani atakuwa mgeni. Alinisikiliza bila kunikatiza. Bibi naye aliendelea kutoa mawe kwenye maharage, na nakumbuka kwamba mkono wake ulikuwa unarudia sehemu ile ile ya ungo ambayo tayari ilikuwa safi.

"Haya," mjane akasema. Akasimama, akakung'uta kitenge, akaaga.

"Amekuelewa?" nilimwuliza bibi.

"Amekuelewa sana," bibi akajibu.

Tangu hapo nikaanza kusikia lile neno langu likitembea. Wanawake waliokuwa wakiteka maji chini ya chemchemi walikuwa wanacheka, mjane akapita na ndoo yake, mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Tupisheni njia, msaliti wetu anapita." Wakacheka tena. Nilikuwa napita na jembe begani. Sitaki kupunguza: nilifurahi. Nilifikiri, ona jinsi watu wa kawaida, wasiosoma nadharia yoyote, wanavyoshika dhana ya mshikamano. Mwingine alinisimamisha njiani akaniuliza, kama mtu anayeuliza jambo la kitaalamu, "Eti msomi, msaliti anafanywa nini?" Nikamwambia anatengwa tu, hapigwi, tusifanye fujo. Akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika.

Kisha asubuhi moja mjomba alirudi kutoka shambani akasema matuta ya yule wa juu yameharibiwa.

Nilikwenda. Sijui nilitegemea kuona nini, labda matuta mawili matatu yaliyokanyagwa na ng'ombe. Shamba zima lilikuwa limefumuliwa. Tuta kwa tuta, mtu au watu walikuwa wamepiga jembe katikati, wakaurusha udongo huku na huku, na zile nyasi zilizokuwa zimefunikwa zilikuwa zimelala juani zikiwa bado za kijani, zimeanza kusinyaa. Miche ya maharage ilikuwa imegeuzwa mizizi juu. Haikuwa kazi ya hasira. Mistari ilikuwa imenyooka. Aliyefanya alikuwa mkulima, na alifanya kama anavyofanya shambani kwake.

Mjane alikuwa amesimama kando. Hakulia. Aliniambia, "Umekuja, mjukuu wangu," kana kwamba alikuwa amenialika.

Hasira yangu ilijua pa kwenda bila kuuliza njia. Serikali ya kijiji. Wametuma watu wamtishe mwanamke asiye na mtu ili akimbilie barabarani na wengine wamfuate. Nilipiga picha. Nikaziweka kwenye kundi letu la simu la vijana wa kijiji na maneno makali chini yake. Kisha nikapanda bodaboda hadi ofisi ya kijiji.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kucheka haraka. Alikuwa anakunywa chai kwa viazi. "Karibu msomi," akasema. "Leo umekuja kunipindua au kunisalimia?"

"Shikamoo," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimelelewa hivyo hata nikiwa na hasira.

"Marahaba. Keti."

Sikuketi. Nilimwonyesha picha. Nilimwambia hii ni hujuma, najua imetoka ofisini kwake, na nitaipeleka wilayani, nitaipeleka kwa waandishi wa habari, na yeye atajibu. Alichukua simu yangu, akaitazama picha ya kwanza, akasogeza ya pili, akarudi ya kwanza. Kicheko kiliondoka usoni mwake. Aliweka kiazi chini.

"Haya si matuta ya yule mama wa juu?"

"Unajua vizuri ni ya nani."

"Kijana," akasema, "umewauliza majirani zake?"

Nikamwambia majirani zake ndio walioungana kumtetea. Akanitazama kama mtu anayetaka kujua kama namfanyia mzaha.

"Wewe unakaa kitongoji kile kile au kingine?"

"Kile kile."

"Yule mama ndiye alikuwa wa kwanza kuja hapa kuomba kiwanja. Alikuja kabla hatujatangaza. Alisikia kanisani. Aliniomba kwa kunishika mikono, mimi, mtu mzima nikaona aibu. Lori nimelitafuta kwa ajili yake. Ninyi wengine mngekuja baadaye au msije, chemchemi isingekauka." Akanirudishia simu. "Halafu nikasikia mmepitisha azimio."

"Aliomba kwa nini?"

"Kamwulize bibi yako," akasema. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya zahanati.

Nilirudi kwa miguu. Sikumbuki chochote cha njiani. Nilimkuta bibi nyuma ya jiko anapepeta ulezi, upepo ulikuwa mzuri na makapi yalikuwa yanakwenda upande mmoja. Kwa kawaida akiniona hunitania, huniita mume wangu, huniuliza kama nimemletea nyama. Siku ile alinitazama tu, akaweka ungo chini.

"Umetoka kwa mwenyekiti."

"Kasema nikuulize."

"Uniulize nini?"

"Yule mama amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Amebaki hai." Akakohoa makapi. "Mume kafa, watoto wamekufa, yeye yupo, na maharage yake yanazaa. Unafikiri watu wanasemaje?"

Nilielewa neno analolizunguka. Halikutajwa, kwa heshima ya sheria yangu. Nilimwambia alitaje tu. Akalitaja, kwa Kifipa, na nilishangaa jinsi lilivyokuwa dogo mdomoni mwake, kama jina la mmea.

"Mbona hamkuniambia?"

"Nani akuambie? Ukisikia unatukemea. Mjomba wako anakuogopa, hujui? Anasema msomi atatucheka."

"Lakini walisema msaliti. Wote walikuwa wanasema msaliti."

"Ulipowapa hilo neno walishukuru," bibi akasema. "Lile lingine mtu akilisema kwa sauti anaweza kuitwa polisi. Lako linasemwa mchana kweupe, na linapigiwa makofi."

Niliketi chini, juu ya makapi. Naandika haya nikiwa bado sijajua niite nini kile nilichokisikia. Haikuwa huzuni, huzuni ilikuja baadaye. Ilikuwa kama kukanyaga ngazi ambayo haipo. Nilikuwa nimesoma kwamba watu hutumia lugha ya siasa kuficha mambo yao. Nilikuwa nimeandika insha juu yake na nikapata alama nzuri.

Bibi hakuwa amemaliza. Aliuchukua ungo tena, na nadhani aliuchukua ili apate cha kutazama.

"Na ile nyumba unayoisimulia kila mahali," akasema. "Uache."

"Ipi?"

"Yangu. Serikali haikubomoa nyumba yangu."

Nilimwambia hapana. Hivyo ndivyo nilivyojibu: nilimwambia yeye, mwenye nyumba, kwamba hapana.

"Ilikuwa surua," bibi akasema. "Iliingia kijiji chetu cha zamani, kule chini, watoto wakafa. Shemeji yangu, ndugu wa babu yako, watoto wake watatu walikufa wote. Wa kwangu walipona. Mama yako alikuwa mgonjwa sana, akapona. Hilo tu. Walikuja mchana. Walipanda juu wakavua nyasi za paa kwa mikono, wanazirusha chini, mimi nimesimama na mama yako mgongoni. Watu niliokula nao. Shemeji yangu ndiye aliyekuwa juu kabisa."

"Na babu?"

"Babu yako alikuwa anawaomba. Baadaye akachoka kuomba. Tukalala jikoni kwa katekista. Ndipo lile lori likaja, watu wa chama, wenye vyeo, wanapiga kelele kila mtu apande. Wengine walijificha vichakani. Mimi nilipanda wa kwanza. Nilimpita mpaka yule mtu aliyekuwa anahesabu."

Upepo ulikuwa umetulia na ulezi ulikuwa unaanguka pamoja na makapi yake, lakini aliendelea kupepeta.

"Huku tulikofika, kila mtu alikuwa anasema serikali imebomoa nyumba yake. Babu yako akasema na sisi tuseme hivyo. Nani angeuliza? Ilikuwa nzuri hiyo. Ilitufanya kama wengine."

Akili yangu ni ya ajabu na siipendi sana. Hata pale chini, hata katika hali ile, ilianza kutafuta mahali pengine pa kusimama. Nikamwuliza, "Kwa hiyo bibi, serikali ndiyo iliyokuokoa?"

Bibi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, kicheko kifupi cha puani.

"Jana serikali mbaya, leo serikali nzuri. Wewe mume wangu, mbona huwezi kukaa kidogo bila ya kujua? Lori halikuja kuniokoa mimi. Hawakujua hata kama nipo. Rafiki yangu aliyekuwa jirani alikuwa na ghala limejaa ulezi, wale wa lori wakalichoma ili asirudi. Alilia safari nzima, amenishika mkono, na mimi moyoni nilikuwa namshukuru Mungu. Nilimwonea aibu mpaka alipokufa."

Nilimwuliza kwa nini hakusema chochote kwenye mkutano, nilipokuwa nimesimama natumia nyumba yake. Akasema anayemtetea mtu kama yule huulizwa yeye mwenyewe alitoka wapi na kwa nini. Bado walikuwepo wazee wawili watatu waliotoka kule chini pamoja naye. Walikuwa wamenyamaza miaka yote hiyo kwa hisani, na hisani, bibi alisema, haitakiwi kutikiswa.

Nilimfuata mjane kesho yake. Nilimwambia aende, asisubiri mtu, mimi nitazungumza na watu. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza mara ya kwanza. "Nikiondoka sasa peke yangu," akasema, "watasema nimekimbia. Aliyekimbia anafuatwa." Hakunilaumu. Nadhani ningelala vizuri zaidi kama angenilaumu.

Niliomba kitongoji kikutane tena. Nilisimama pale pale, nikasema nimefikiri upya, kwamba azimio la kuhama wote au asihame mtu halikuwa la haki, kila kaya iamue yenyewe. Sikupigiwa makofi. Kijana mmoja niliyecheza naye mpira likizo za utotoni akauliza kwa sauti ya utani, "Mwenyekiti amekupa viazi vingapi?" Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Wewe ndiye ulituambia akitoka mmoja tumekwisha. Tulikosea kukuamini wakati ule au tunakosea sasa?"

Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa swali ambalo mimi mwenyewe ningemwuliza mwanasiasa yeyote. Na jibu nilikuwa nalo, lilikuwa limeketi mbele yangu kwenye mkeka na limejifunika kitenge kichwani. Ningeweza kulisimulia paa lile upya, jinsi lilivyovuliwa kweli, na kila mtu pale angenyamaza. Kisha wangemtazama bibi yangu. Niliketi. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na ushahidi wa kutosha na sikuwa na haki ya kuutumia.

Mjane alikuwa ameketi nyuma, karibu na njia. Pembeni yake kulikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyekaa. Nilijiuliza kama nafasi ile ilikuwepo pia kwenye mkutano wa kwanza. Sikuweza kukumbuka. Sikuwa nimetazama upande ule.

Ndipo bibi aliponyanyua mkono. Alinyanyua kama mtoto wa shule, akachelewa kuushusha.

"Mimi nina magoti mabovu," akasema. "Kilima hiki kimenishinda. Nataka kiwanja barabarani, nisikie kengele ya kanisa bila ya kubebwa na mtu. Mwanangu abaki hapa na mbuzi wake."

Mjomba aligeuka kwa ghafla. "Mama, hili hatujazungumza."

"Tunazungumza sasa. Peke yangu siwezi kukaa, nitahitaji mtu wa kunichotea maji na kunisimulia habari. Huyu mwenzangu wa juu hana mume wa kumwomba ruhusa. Tutakwenda wote wawili." Akawatazama wale wazee waliotoka naye kule chini, mmoja baada ya mwingine. Aliwatazama bila ya kuwaomba kitu. "Au kuna mwenye neno?"

Hapakuwa na mwenye neno. Msaliti aliye na magoti mabovu, mama wa mtu wanayemheshimu, aliyewazalisha nusu ya wanawake waliokuwa pale, haingii vizuri katika neno lile. Mzee mmoja kati ya wale akasafisha koo, akasema bibi ana haki ya kusikia kengele. Jambo likaisha. Lilikuwa dogo kiasi hicho, na mimi nilikuwa nimelijengea ukuta.

Lori lilikuja wiki iliyofuata. Mjomba alikuwa amenuna, lakini alifunga kamba mwenyewe, akarudia kuzikaza. Kilichonishtua siku ile ni majirani. Walikuja wengi. Walipanda hadi nyumba ya juu, wakamtolea mjane kitanda chake, vyungu vyake, mlango wenyewe kwa kuwa alitaka kwenda nao. Walitania. Mwanamke aliyekuwa akisema "tupisheni njia" alimfungia kuku kwenye tenga kwa uangalifu, akawawekea majani wasiumie. Yule aliyeniuliza msaliti anafanywa nini alibeba kinu peke yake, akateremka nacho kilimani huku jasho linamtoka, akacheka tulipompongeza. Niliitazama mikono yao wote. Ilikuwa na udongo kama mikono yangu. Baadhi yao walikuwa wamefumua yale matuta, mstari kwa mstari, na sikuweza kujua ni akina nani, na leo hii sijui. Walimpa mbegu za maharage zilizofungwa kwenye kitambaa. Alizipokea kwa mikono miwili.

Nilipanda nyuma ya lori pamoja na mizigo. Bibi alikataa kukaa mbele na dereva. Alisema mara ile alikaa nyuma, na anataka kuona. Walikaa wawili juu ya godoro, wamejifunika blanketi moja kwa ajili ya baridi, na lori lilipoondoka hakuna aliyegeuka.

Viwanja vilikuwa vimepimwa lakini nyumba zilikuwa chache. Tulishusha vitu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametuma mabanzi ya kuezekea jiko la muda. Watu wa nyumba za jirani walisimama milangoni wakitutazama kama watu wanavyowatazama wageni. Mjane alikuwa ameketi juu ya mlango wake, uliokuwa umelazwa chini, anawatazama na wao.

"Wale ni akina nani?" aliniuliza.

Nilikuwa na majibu mengi siku zote. Nilitaka kumwambia ni watu wema, kwamba huku barabarani watu wamechanganyika, kuna wenye maduka, kuna shule, hawana mambo yale. Niligundua kwamba sijui hata jambo moja kati ya hayo.

"Sijui, bibi," nikasema.

Bibi yangu alikuwa tayari ameshavua blanketi na anajifunga kitenge vizuri. "Twende tukawaamkie," akamwambia mwenzake, "kabla hawajaanza kujiuliza."

Akamshika mkono akamwinua, na wakaenda.